Maji yameingia ndani: lipi ufanye mwenyewe, lipi uite fundi (maswali yanayoulizwa mara kwa mara)

Naishi Dar, upande wa bonde la Msimbazi, na mvua za Aprili 2018 zilipiga maji yakaingia kwangu mpaka magotini, tukatoka usiku na watoto mgongoni. Tangu hapo kila masika yakianza majirani na ndugu wananiuliza maswali yale yale, huyu kapigwa na mafuriko, yule bomba limepasuka, mwingine paa linavuja, nimeona niyaweke yote sehemu moja. Mengi nimeyajua kwa kufanya kwa mikono yangu na mengine kwa kukaa na mafundi wazuri nikiuliza kila hatua.

Maji bado yako ndani, naanza na nini?

Umeme. Kabla hujaokoa godoro, kabla ya tv, kabla ya chochote. Soketi za nyumba zetu nyingi ziko chini karibu na sakafu, maji yakizifikia yale maji yote unayokanyaga yanaweza kuwa na umeme. Kama meni swichi unaifikia bila kukanyaga maji na mikono yako mikavu, zima. Kama kuifikia lazima upite kwenye maji basi iache, toa watu nje na upige simu TANESCO wakate kwenye nguzo. Na tafadhali msidanganyane kwamba LUKU ikiisha yuniti basi uko salama, waya unaoingia kwenye mita bado una moto muda wote. Wenye sola na inveta nao wakumbuke, TANESCO akikata nguzoni betri zako bado zinasukuma umeme humo ndani.

Afu ndo viatu. Vaa gambuti, sio ndala, maana chini ya hayo maji kuna misumari, vipande vya chupa na wakati mwingine nyoka aliyekimbilia ndani kama wewe unavyotaka kukimbilia nje. Ikiwa kuna mtu amenasa na maji yanapanda, Zimamoto ni 114.

Maji yote ni sawa?

Hapana, na hapa ndo unajua kazi ni yako au ya fundi. Maji ya bomba lililopasuka ni masafi, ukiyatoa siku hiyo hiyo na kukausha huna shida kubwa. Maji ya paa yamepita kwenye vumbi na kinyesi cha popo na panya, yana uchafu kiasi. Maji ya mafuriko na ya karo (shimo la majitaka ya choo) yahesabu kama kinyesi hata kama yanaonekana meupe, kwasababu mvua ikijaa makaro ya mtaa mzima yanafurika na yote yanaingia kwako. Maji ya aina hii ndo yanaleta kipindupindu, na mkojo wa panya uliomo humo unaleta homa ya mgunda, ile iliyozuka Lindi 2022. Kwahiyo mwenye kidonda mguuni asiingie, watoto wasicheze humo, na ukimaliza kazi unaoga kwa sabuni kabla ya kushika chakula.

Kutoa maji na tope nahitaji kulipa watu?

Hii fanya mwenyewe na familia na majirani, ukipata vijana wawili wa kuwalipa siku moja ni vizuri zaidi. Kitu kimoja tu, tope litoe likiwa bado bichi. Likikauka linakuwa kama tofali, utaligonga kwa nyundo na vigae vitapasuka. Koleo, karai, ndoo, anza chumba cha ndani kabisa ukisukumia mlangoni. Usimwage tope kwenye sinki wala chooni, utaziba bomba na hapo utamhitaji fundi kwa kitu ambacho hakikuwa na lazima.

Ukikodi pampu ya petroli iweke nje, mpira tu ndo uingie ndani. Moshi wa injini ndani ya nyumba unaua, hauna dalili ya kukushtua, unasinzia tu. Jenereta vile vile.

Na kabla hujatoa kitu piga picha. Kila chumba, kila ukuta, alama ya maji ilipofikia. Mimi nilichukua penseli nikachora mstari nyuma ya mlango wa sebuleni pale maji yalipoishia na tarehe juu yake.

Jiki nachanganyaje?

Kwanza sabuni na brashi, jiki haifanyi kazi juu ya tope. Ukishasugua na kusuuza ndo unaleta jiki, kwa sakafu na kuta nusu lita kwenye ndoo ya lita 20 inatosha, unapaka unaiacha dakika kama 10 afu unasuuza. Kwenye ukungu mweusi iwe kali zaidi, robo lita kwa lita 3 za maji. Fungua madirisha, vaa glavu.

Sasa hili nalisema kwa herufi kubwa: USICHANGANYE JIKI NA DAWA YA CHOO. Zile dawa za choo nyingi zina asidi, zikikutana na jiki zinatoa gesi ya klorini, inachoma mapafu. Jirani yetu mmoja alifanya hivo chooni mlango umefungwa akidhani akichanganya ndo itaua vijidudu vizuri, tulimtoa anakohoa hawezi kuongea.

Ukuta unakauka kwa muda gani? Fundi rangi anasema wiki moja inatosha.

Wiki moja haitoshi. Hili swali ndo limenifanya niandike yote haya kwasababu hapa ndo hela za watu zinapotea.

Mwaka ule 2018 wiki ya pili tu baada ya maji kutoka nilimwita fundi, ukuta kwa macho ulikuwa mkavu, ukiushika haulowanishi mkono, akapiga skimu (ule unga wa kulainisha ukuta) akapaka rangi ya silki inayong'aa mikono miwili juu yake, nyumba ikapendeza. Mwezi wa nane rangi ikaanza kutoa malengelenge kama mtu aliyeungua, ukibonyeza yanapasuka na ndani kuna unga mweupe na maji. Yote ikabanduliwa. Nililipa mara mbili kwa ukuta ule ule.

Kinachotokea ni kwamba tofali la saruji linanyonya maji kama sponji, nje linakauka haraka lakini ndani bado limelowa. Mafundi wanaojua wanakadiria mwezi mmoja kwa kila inchi ya unene kwa zege, na ukuta wa tofali la inchi 6 hata ukipata hewa pande zote mbili uupe miezi sio siku. Ukipaka rangi nzito kama silki au ya mafuta umeufungia maji ndani, na maji lazima yatoke tu, yatatoka na rangi yako.

Kipimo cha bure kipo. Chukua nailoni safi, kata kipande cha kama sentimita 45 kila upande, bandika ukutani au sakafuni kwa seloteipu pande zote nne hewa isipite, iache siku nzima. Ukikuta matone ndani ya nailoni au ukuta umekuwa mweusi pale, bado. Rudia baada ya wiki mbili. Fundi akikwambia anaharaka ana kazi nyingine mwambie aende, mwingine atapatikana.

Wakati unasubiri, kwangua rangi na plasta iliyolegea usawa wa maji yalipofika na uipandishe kidogo juu yake, ukuta upumue. Fungua madirisha asubuhi jua likitoka, usiku na mvua ikinyesha funga. Feni ielekee ukutani, sio kwako. Makabati yavute mbali na ukuta. Nyumba itaonekana mbaya miezi kadhaa na wageni watasema, waache waseme.

Huo unga mweupe kama chumvi ni nini?

Ni chumvi kweli. Maji yanapopita kwenye tofali yanayeyusha chumvi iliyomo, yakifika nje yanakauka chumvi inabaki. Pwani tunapata zaidi kwasababu kuna mchanga una chumvi na watu wanajengea hivo hivo. Ipige kwa brashi kavu, usioshe kwa maji, ukiosha unairudisha ndani.

Ila angalia. Kama mafuriko yameisha na chumvi inakoma baada ya miezi michache, ilikuwa ukuta unakauka. Kama inarudi kila mwaka, iko usawa wa chini mpaka kama mita moja, hata kiangazi, basi maji yanapanda kutoka ardhini na ile DPC, tabaka la kuzuia maji juu ya msingi, haipo au imeharibika. Hiyo rangi yoyote haiponyi, hata zile wanazokuuzia hadwea kwamba ni wotapruufu. Anza na vya bure, angalia kama udongo wa nje umepanda juu ya DPC ukauchimbe ushuke, angalia kama maji ya bati yanadondokea chini ya ukuta ukaweke gata na mfereji. Nimeona nyumba mbili zimepona kwa hayo tu. Ikigoma ndo tafuta mtu aliyewahi kutibu unyevu wa chini na akuonyeshe nyumba alizofanya, sio fundi rangi.

Ukungu mweusi niondoe mwenyewe?

Eneo dogo, tuseme kama mita moja kwa mita moja, ondoa mwenyewe. Barakoa, glavu, lowanisha kwanza usiukwangue mkavu maana utaurusha hewani uvute. Chumba kizima kikiwa cheusi, au ndani kuna mtoto mwenye pumu au mtu mwenye kifua, toa watu na lipa mtu. Ukungu unaanza siku moja mbili tu baada ya kulowa, ndo maana nasema siku mbili za kwanza zina thamani kuliko hela. Na kupaka rangi juu ya ukungu ni kuuficha tu, utarudi.

Dari la jipsamu limevimba katikati linaning'inia, nifanyeje?

Lina maji juu yake, na maji ni mazito, ndoo moja tu ya lita 20 ni kilo 20. Zima umeme wa chumba hicho maana taa iko hapo hapo. Toa vitu. Weka ndoo chini, simama pembeni kabisa usiwe chini yake, na kwa bisibisi ndefu toboa tundu dogo pale palipovimba zaidi maji yashuke taratibu. Ukiacha lidondoke lenyewe linashuka kipande chote na linaweza kumuumiza mtu.

Jipsamu iliyolowa na kupinda hairudi, kata kile kipande ubadilishe, fundi jipsamu anafanya kwa siku moja. Lakini usimwite kabla hujapanda kuona kwanini maji yameingia. Mara nyingi ni mpira wa msumari wa bati umekufa kwa jua, au pale paa mbili zinapokutana kwenye bonde majani yamejaa maji yanarudi nyuma. Kubadili misumari na kusafisha majani unaweza mwenyewe kama paa lako sio refu na siku hiyo hakuna unyevu, mtu akushikie ngazi. Paa la ghorofa acha. Slabu ya zege inayovuja acha kabisa, kazi ya kupiga membreni, ile shiti ya kuzuia maji inayogandishwa kwa moto, sio ya kujaribia.

Kabati, milango, godoro, nini kinaokoka?

Mbao halisi, mninga, mkongo, inaokoka ukiwa na subira, ikaushe kivulini penye upepo, ukiitoa juani itapinda na kupasuka. MDF na chipubodi, zile mbao za unga wa mbao uliogundishwa, ikishavimba imekufa, hairudi hata uikandamize vipi, ila milango yake na vitasa okoa. Godoro la sponji lililolowa maji ya karo tupa jamani, najua bei yake, najua inauma, ila hata ulianike wiki nzima, kwa ndani halitakasiki na mtoto atalalia. Nguo zinaokoka, fua kwa maji moto na jiki kidogo zile zisizochuja. Vyombo vya plastiki vyenye mikwaruzo vya kulishia watoto tupa, sufuria chemsha.

Friji na tv nikishakausha juani niwashe?

Usiwashe. Juu pamekauka, ndani tope limekaa kwenye saketi na mota. Fundi afungue, asafishe, apime, ndo iwashwe. Hiyo ni pamoja na soketi na swichi zote zilizopitiwa na maji, pia waya ulio kwenye mabomba ya ukutani maji yanakaa humo. Fundi umeme awe na leseni, EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ndo wanatoa leseni za ufungaji umeme, mwambie akuonyeshe. Hapa sina mjadala na mtu, kila kitu kwenye ukurasa huu unaweza kujaribu kubana hela isipokuwa umeme.

Ukuta mmoja unalowa na mvua hainyeshi, bomba linavuja ndani?

Jipime mwenyewe kabla hujavunja ukuta. Funga koki zote za ndani, choo kisijaze, afu nenda kwenye mita ya maji uangalie kile kigurudumu kidogo. Kikizunguka wakati hakuna koki iliyofunguliwa kuna mahali maji yanatoka. Funga sasa koki kubwa ya kuingilia ndani, kikisimama uvujaji uko ndani, kikiendelea uko kati ya mita na nyumba. Ukimpa fundi bomba taarifa hiyo atavunja sehemu moja badala ya tano. Kama una simtank juu, weka alama ya maji usiku na uangalie asubuhi.

Karo limejaa na mvua bado, niite gari la majitaka haraka?

Subiri kwanza, na wengi hawalijui hili. Ardhi ikiwa imeshiba maji, karo tupu linabanwa na maji ya pembeni, la plastiki linaweza kuelea likang'oa mabomba na la tofali kuta zake zikaingia ndani. Tena unalipa gari leo na kesho limejaa maji ya ardhini. Punguzeni matumizi, ogeeni kwenye beseni mkamwage mbali na kisima, subiri maji ya ardhini yashuke. Ikilazimika linyonywe kiasi tu, sio mpaka chini. Na mtu yeyote asishuke ndani ya karo, hata kijana anayesema amezoea. Gesi ya humo inaangusha mtu mara moja, na anayeshuka kumuokoa naye anabaki.

Nyufa zimetokea, fundi muashi anasema ataziba.

Nyufa nyembamba za plasta tu, sawa, azibe ukuta ukikauka. Ila ufa unaokwenda kama ngazi kufuata tofali, ulioanzia kona ya dirisha au mlango, uliotokea pande zote mbili za ukuta, au milango imeanza kukwama ghafla, usizibe. Chora kwa penseli mwisho wa ufa kila upande na tarehe, angalia kila wiki. Unaoendelea kukua ni msingi unashuka. Zunguka nje uone kama maji yamechimba udongo chini ya msingi. Hapo humwiti fundi, unamwita mhandisi aliyesajiliwa, na mpaka afike msilale chumba hicho.

Fundi mzuri nampataje na namlipaje?

Muulize swali moja: maji yametoka wapi? Anayejibu kwa kutaja bei ya rangi sio wako. Anayezunguka nyumba, anagonga vigae kwa sarafu kusikia pasipo na kitu chini, anapanda kuangalia bati, huyo mshike.

Vifaa nunua mwenyewe hadwea na risiti ukae nayo. Ufundi lipa kwa vipande, kidogo akianza, katikati akifika mahali mlipokubaliana, na sehemu ya mwisho baki nayo mpaka mvua moja inyeshe uone. Mwenye uhakika na kazi yake anakubali. Andikianeni hata karatasi ya daftari, kazi gani, siku ngapi, shilingi ngapi, sahihi mbili na shahidi. Hela ya kula ya kila siku iwe ndani ya ile ile mliyopatana, mseme mwanzoni ili msije kugombana.

Nimepanga, nani analipa?

Soma mkataba kwanza. Kwa kawaida kilichojengwa, kuta, paa, nyaya, ni cha mwenye nyumba, na vitu vyako ni vyako. Mtumie picha siku hiyo hiyo, usisubiri akija kuchukua kodi. Ukitaka utengeneze mwenyewe mkatane kwenye kodi, mkubaliane kwa maandishi kabla hujanunua hata msumari, ukishatengeneza huna nguvu tena. Mkishindwana nendeni serikali ya mtaa.

Mwenye bima ya nyumba yeye apige simu bima kabla ya kutupa vitu, na asome kama mafuriko yamo maana sio kila bima ya nyumba inayabeba.

Vyeti na hati ya kiwanja vimelowa!

Usivianike juani wala kupiga pasi. Vikiwa na tope visuuze taratibu kwenye beseni la maji safi, usitenganishe kurasa zilizogandana, tia kwenye mfuko wa nailoni uweke friza, hata ya jirani. Baridi inasimamisha ukungu na unapata muda wa kuvikausha kimoja kimoja baadaye kwa feni. Picha za karatasi suuza uzilaze uso ukiangalia juu.

Nyumba yetu ya mawe ya zamani Unguja, tupige plasta ya saruji iwe ngumu?

Msipige. Nyumba za Mji Mkongwe na za Lamu ni mawe ya matumbawe na chokaa, ukuta ule umeundwa kulowa na kupumua. Saruji inaufunga, maji yanabaki ndani, chokaa ya katikati inaoza taratibu na nje unaona ukuta mzuri. Tafuta fundi wa chokaa, wapo, na kazi yake ina taratibu zake, inatakiwa ikauke polepole.

Nikikarabati nibadilishe nini ili mwakani nisirudie yote?

Usirudishe nyumba ilivyokuwa. Soketi zipandishwe usawa wa kifua fundi umeme akiwa bado yuko hapo na ukuta uko wazi, gharama ni ndogo wakati huo kuliko baadaye. Jiko lijengee zege na vigae badala ya makabati ya MDF. Sehemu ya chini ya ukuta paka chokaa au rangi ya maji isiyong'aa, ipumue. Nyaraka ziwe kwenye ndoo yenye mfuniko wa kubana juu ya kabati.

Ule mstari wa penseli nyuma ya mlango sijaufuta, ulipokwanguliwa pamoja na rangi nimeuchora tena pale pale. Kila fundi akija kwangu kufunga kitu namwonyesha kwanza, afu ndo anatoa futi yake kupima kutoka hapo kwenda juu.